Kabla hujazima taa, kabidhi zamu

Barua za usingizi zimekuwa nyingi mno mwezi huu, hata nimeyaweka kando maswali mengine yote. Nimechagua tano. Nyingine nimezifupisha, na majina yote nimeyatoa.

*Dada, shikamoo. Mimi ni mhasibu, nina miaka 34. Napanda kitandani saa 4 usiku lakini usingizi haunichukui mpaka saa 7. Sina shida ya pesa wala ugomvi nyumbani. Ila nikilaza kichwa tu, kazi zinaanza kupita moja moja: fulani sijamjibu, kesho kuna kikao, mahesabu ya mwezi hayajakaa sawa. Asubuhi nafungua kompyuta, nasoma mstari mmoja mara tatu. Nimeacha kahawa, nimeweka mapazia mazito, nimebadilisha godoro. Nimebakiza nini?*

Marahaba, mdogo wangu. Umebakiza jambo moja, na kwangu mimi ni kubwa kuliko godoro na mapazia. Hujaifunga siku.

Acha nikueleze nilivyolijua. Nimekuwa muuguzi miaka 19, mingi yake wodini. Zamu ilipoisha hatukuchukua mikoba tukaondoka. Tulizunguka kitanda kwa kitanda, mimi na anayenipokea, chati mkononi. Huyu wa kitanda cha 4 dripu yake imebaki robo, ikiisha mtundikie nyingine. Wa kitanda cha 7 amepata dawa ya maumivu saa 10 jioni, asipewe tena kabla ya saa 4 usiku. Yule wa dirishani joto lilimpanda, mpime kila baada ya saa moja. Mwenzangu anasikiliza, anauliza, anaandika, tunatia sahihi. Nikitoka pale nalala hata jua likiwa la utosi. Si kwamba nilizaliwa na usingizi mzuri. Kichwa kilikuwa hakina tena cha kulinda.

Kisha nikapandishwa cheo, nikapewa ofisi: ratiba za wafanyakazi, maombi ya vifaa, vikao juu ya vikao. Zamu za usiku zikaisha, na usingizi nao ukaniruka. Miezi mingi nilidhani ni umri. Jioni moja nikiwa namsubiri mtu ukumbini, nikawaona wauguzi wawili wamesimama mlangoni mwa wodi, mmoja anamwonyesha mwenzake kwa kidole kitu kwenye chati. Nikajua kilichonipata. Kule ofisini hapakuwa na wa kunipokea. Kila jioni nilikuwa natoka na wagonjwa wangu wote kichwani.

Tangu hapo nakabidhi kwa daftari. Ni dogo, la mistari, linakaa juu ya meza ya sebuleni na kalamu yake. Nakaa nalo dakika 5, zikizidi 10, saa moja hivi kabla ya kulala. Silipeleki kitandani kamwe. Naandika kwa ajili ya anayenipokea, yaani mimi wa kesho, na naandika kana kwamba hajui lolote.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaandika "ripoti". Wanaandika "kikao". Neno tupu kama hilo halikabidhi kitu; linakukumbusha tu kwamba kuna jambo, halafu linakuacha hujui utaanzia wapi, na kichwa kinarudi kulichambua gizani. Wewe andika hivi: "Mahesabu ya mwezi: fungua faili, linganisha risiti na safu ya matumizi kuanzia tarehe 12, ndipo tofauti ilipoanzia. Saa 3 mpaka saa 4, kabla ya kupiga simu yoyote." Hiyo ndiyo dripu iliyobaki robo. Anayepokea anajua aende wapi na afanye nini.

Na hili si langu peke yangu. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na vijana 57 waliolala maabara. Kwa dakika 5 kabla ya taa kuzimwa, kundi moja liliandika mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo, kundi la pili likaandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika ya mbele walisinzia mapema kuliko wenzao kwa takribani dakika 9. Na kati yao, waliochambua kazi zao kwa undani ndio waliosinzia upesi zaidi. Mimi ningedhani kinyume chake, kwamba kuhesabu uliyomaliza ndiko kunakotuliza moyo. Kumbe kilichokwisha hakisumbui mtu.

Faida nyingine utaiona asubuhi. Ule mstari unaousoma mara tatu, nusu yake ni uchovu, nusu yake ni kwamba huku unasoma, huku bado unaamua uanze na lipi. Ukikuta ukurasa umeandikwa, uamuzi ulishafanyika jana, na akili yako ya asubuhi unaitumia kwenye kazi yenyewe. Usiandike mambo 15. Mimi naandika 3 ya kesho; lisilowezekana kesho naliandikia siku yake. Na likikujia jambo ukiwa umeshazima taa, usilibembeleze. Inuka, nenda mezani, liandike, rudi. Fanya hivyo wiki mbili bila kuruka siku, kisha niandikie.

*Mimi ni mama wa watoto wawili. Nikishawalaza na kuosha vyombo inafika saa 4 na nusu. Hapo ndipo nashika simu, na nikija kushtuka ni saa 7. Najua nakosea, lakini ndio muda wangu pekee kwa siku nzima. Mume wangu anasema nitupe simu.*

Usitupe simu, mdogo wangu, na wala hukosei kutaka muda wako. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na ninachokiona ni mtu anayejilipa deni ambalo mchana umemnyima. Ubaya ni kwamba unajilipa kutoka kwenye usingizi. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliandika mwaka 2014 kuhusu tabia hii na kuipa jina: kuahirisha kulala. Mtu hazuiwi na chochote kwenda kitandani, na bado haendi. Kwa hiyo hauko peke yako.

Utaambiwa kosa ni mwanga wa simu. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2015 huko Boston watu 12 walisoma kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa 4 kila jioni, siku 5 mfululizo, na wakasoma pia kitabu cha karatasi kwa utaratibu huohuo. Kwenye kifaa walichelewa kusinzia kwa karibu dakika 10, na melatonini, ile homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, ilipungua na kuchelewa. Lakini angalia hesabu: dakika 10. Wewe unapoteza saa 2 na nusu. Hizo hazikuchukuliwa na mwanga. Kitabu kina mwisho wa sura, simu haina ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo nakuomba ubadilishe mpangilio. Watoto wakilala tu, kaa. Vyombo vikiwa bado kwenye sinki, kaa na simu yako, au na chochote unachokipenda, nusu saa kamili au zaidi, wakati bado una nguvu za kukifurahia. Vyombo vifuate, kwa sababu vyombo vina mwisho, na vikiisha unajua sasa ni kulala. Na baba watoto avioshe nawe. Nalisema kwa heshima: ushauri wa kutupa simu haukupunguzii kazi hata moja, kuosha sahani kunakupunguzia. Simu ikae kwenye chaja sebuleni usiku kucha. Kama ndiyo inayokuamsha, tafuta saa ya mezani yenye kengele.

*Dada, nanywa kahawa saa 12 jioni na nikifika kitandani nalala kama gogo. Usingizi wa saa 6 unanitosha, mwili umeshazoea. Hizi habari za kafeini si kutishana tu?*

Kaka yangu, kusinzia na kulala vizuri ni vitu viwili. Tangu unapoamka, ubongo unalimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayoleta uzito wa macho jioni. Kafeini inakwenda kukaa mahali ambapo adenosini ingekaa. Uchovu upo palepale, ila hausikiki. Kwa watu wazima wengi inachukua takribani saa 5 kafeini ipungue nusu, maana yake saa 5 usiku nusu ya kikombe chako bado inazunguka mwilini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watu walipewa miligramu 400, ambayo ni vikombe kadhaa kwa pamoja, saa 6 kamili kabla ya kulala. Usingizi wao ulipungua kwa zaidi ya saa nzima.

Ila linalonihangaisha zaidi kwako ni hilo neno "umeshazoea". Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha utafiti wa watu walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa 6 tu kila usiku kwa siku 14. Umakini wao ulishuka siku baada ya siku mpaka wengine wakafanana na mtu aliyekesha usiku mzima na zaidi. Walipoulizwa, walijiona wamechoka kidogo tu. Hili nimelipitia mwenyewe. Mwisho wa zamu yangu ya nne mfululizo ya usiku nilisoma vibaya kipimo cha dawa, na ungeniuliza ningekuapia kwamba niko mzima. Aliyekuja kunipokea ndiye aliyeliona kosa, tukiwa tumesimama kando ya kitanda, kabla dawa haijatolewa. Mikono yangu ilitetemeka mpaka nilipofika nyumbani.

Madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka 2015 kwamba mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kikombe chako cha mwisho kiwe saa 8 mchana kwa wiki mbili, na upande kitandani saa moja mapema. Baada ya hapo ulinganishe.

*Kuoga kabla ya kulala, maji ya moto au ya baridi?*

Ya moto, ila si dakika ya mwisho. Maji ya moto yanavuta damu kuja kwenye ngozi, viganjani na kwenye nyayo, na ukishatoka bafuni joto la ndani ya mwili linashuka. Kushuka huko ndiko kunakoita usingizi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walikusanya tafiti nyingi mwaka 2019 wakaona kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, saa 1 au 2 kabla ya kulala, hata kwa dakika 10 tu, yanasaidia. Mimi naoga kwanza, ndipo nakaa na daftari.

*Mdogo wangu, nina miaka 61. Kila usiku nashtuka saa 9, naangalia saa, kisha najigeuzageuza mpaka alfajiri. Mchana nasinzia hata mbele ya wageni. Mke wangu analalamika kwamba nakoroma, na mara nyingine pumzi inakatika halafu naivuta kwa kishindo. Je, niendelee kulala nikiusubiri usingizi urudi?*

Shikamoo kaka. Swali lako nitalijibu, lakini naanza na hilo uliloliandika mwishoni kana kwamba ni la kupita.

Kukoroma kwa pumzi inayokatika na kurudi kwa kishindo, pamoja na kusinzia mchana, ni dalili ambazo daktari lazima azisikie. Inawezekana njia ya hewa inajifunga ukiwa usingizini, na ubongo unakuamsha ili usikose hewa. Kama ni hivyo, hakuna daftari, maji ya moto wala kuacha kahawa kutakakokutibu. Kunapimwa, na kuna tiba. Kwa sasa, kama unatumia pombe jioni, iache, maana inalegeza misuli ya koo na kuukatakata usingizi wa alfajiri. Usimeze dawa ya usingizi kabla hujapimwa.

Sasa swali lenyewe. Usibaki kitandani ukijigeuza. Ushauri huu ulitolewa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 na mpaka leo ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi: ukiona umekaa macho muda wa kukuchosha, inuka, nenda chumba kingine, kaa kwenye mwanga hafifu na jambo la kutuliza, urudi macho yakiwa mazito. Ukibaki pale kila usiku, mwili unajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika. Saa igeuze uso ukutani; kujua kwamba ni saa 9 hakujawahi kumrudisha mtu usingizini, kunamfanya aanze kuhesabu zilizobaki. Na asubuhi amka wakati uleule, hata baada ya usiku mbaya.

Hayo yatakusaidia, lakini hospitali itangulie, wiki hii. Nenda na shemeji. Daktari atauliza pumzi inakatika kwa muda gani na mara ngapi, na hapo nyumbani anayeweza kujibu ni yeye peke yake.