Fenomenolojia si kujichungulia mawazo
Ndugu, umeuliza kama fenomenolojia, yaani falsafa inayochunguza jinsi vitu vinavyotujia, ni kujichungulia mawazo tu. Sivyo. Edmund Husserl, mwanafalsafa aliyeianzisha, alitaka kwanza tuweke kando swali la kama kitu kipo kweli, tuangalie kinavyotujia. Weka kikombe mbele yako. Jicho linapata upande mmoja, lakini wewe unaona kikombe kizima; upande wa nyuma unautarajia bila hata kuuwaza. Ukikigeuza ukakuta hakina nyuma, utashtuka, na mshtuko huo ndio unaofichua kwamba ulikuwa ukitarajia. Wimbo nao hivyohivyo: katika mihadhara yake ya 1905 kuhusu wakati alionyesha kwamba sauti iliyopita bado tunaishikilia tunaposikia ya sasa, la sivyo tungesikia milio iliyotawanyika tu. Hapo ndipo aliponinasa mimi.