Mzee wetu hashuki jukwaani, tufanyeje?

Mwezi huu nimepata barua tatu kutoka Tanga na ujumbe mmoja wa simu, na zote zinagusa kitu kimoja, hizi jioni za maongezi mafupi ambapo mtu yeyote mwenye jambo analolipenda anasimama anawasimulia wenzie halafu anakaa. Basi leo ya mahaba na ya wakwe yasubiri, tuyamalize haya kwanza.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mie na wenzangu wanne tunaendesha jioni ya maongezi hapa Ngamiani kila mwezi mara moja, kwenye ukumbi mdogo juu ya duka ambao mwenyewe anatupa bure. Wazungumzaji wetu si mabingwa, ni watu wa mtaani tu, mmoja anapenda nyuki, mwingine anapenda nyota, mwingine anakusanya stempu za zamani. Mwanzoni watu walikuwa wanakaa mpaka ngazini. Mwezi uliopita tulimaliza na watu 14. Tatizo tunalijua ila ubavu wa kulisema hatuna, tuna mzee mmoja mstaafu wa reli, anajua mambo balaa, tulimpa dakika 10 akaenda 45, alipofika kwenye injini za mvuke watu wakaanza kwenda msalani na hawarudi. Ni rika la baba yangu, nitamwambiaje ashuke?
Msimamizi, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Sasa nikwambie, mzee hana kosa, kosa lenu. Naweza kuapa mlimwambia aje kuzungumzia "historia ya reli ya Tanga", si ndio? Hebu niambie mtu aliyeipenda reli maisha yake yote aruke wapi hapo. Ujenzi umeanzia Tanga 1893, reli imefika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa hela serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899, Mombo 1905, Moshi 1911, na hapo hajasema hata neno la mambo aliyoyaona yeye mwenyewe kwa macho yake. Dakika 45 kajitahidi sana masikini!

Watu wengi wanadhani anayeongea kwa mapenzi tu bila ubingwa anaharibikiwa kwa sababu anajua kidogo. Wapi. Anaharibikiwa kwa sababu anakipenda kitu chote, kila kipande kwake ni mtoto, hawezi kumwacha hata mmoja nyumbani. Kazi ya kuchagua kipande ni yako wewe msimamizi, na unaifanya kabla ya siku yenyewe, huifanyi pale mbele za watu kwa kumkonyeza.

Fanya hivi. Nenda kwake alasiri moja, usiende mikono mitupu, chukua hata kashata, kaa naye barazani umwache aongee zile dakika 45 zote. Mtazame. Kuna mahali atasogeza kikombe pembeni aanze kuchora kwa kidole kwenye mkeka, hapo ndo penyewe. Mwambie, "Baba, hiyo hiyo, watu wanaitaka hiyo peke yake." Inawezekana ni habari ya kwa nini Tanga mpaka Muheza, kama kilomita 40 hivi, kulichukua karibu miaka 3, safari ambayo leo kijana wa bodaboda anaenda na kurudi kabla chai haijapoa. Dakika 7 zinatosha kabisa. Mombo mwambie tunaiweka mwezi mwingine, na Moshi mwezi wa baada yake. Hapo hujamkata mzee, umempa mfululizo, na utashangaa ataanza kuulizia yeye mwenyewe zamu yake lini.

Halafu hilo la muda. Binadamu asimkatishe binadamu mwenzie, hasa kwetu huku ambako mdogo hamwambii mkubwa nyamaza. Kiache kitu ndo kikatishe. Wenzetu walishalitambua zamani. Kule Tokyo mwaka 2003 wasanifu majengo wawili, Astrid Klein na Mark Dytham, walianzisha jioni zao wakaziita PechaKucha, mzungumzaji anakuja na picha 20, kila picha inakaa sekunde 20 inaondoka yenyewe, ukijumlisha unapata dakika 6 na sekunde 40, basi, picha imeisha na maneno yameisha. Seattle kule Marekani 2006 wakaja na Ignite, picha 20 vilevile ila sekunde 15, dakika 5 kamili. Na wale wa Toastmasters, vilabu vya kujifunza kuongea mbele za watu vilivyoanzia California 1924, wao wanatumia taa, kijani, njano, nyekundu. Angalia ujanja wake: hakuna aliyetukanwa wala aliyevunjiwa heshima, taa imewaka tu.

Nyie taa za nini. Tafuteni vitambaa vitatu, kijani cha dakika ya 5, njano ya 6, chekundu ya 7, mkabidhi mtoto wa darasa la tano akae kiti cha mbele na simu yenye saa, watoto hawanaga upendeleo. Kikipanda chekundu ukumbi mzima unapiga makofi, na yasiwe ya kejeli, yawe yale ya harusini kabisa na vigelegele juu. Hakuna mtu anayeweza kuendelea kuongea katikati ya vigelegele, hata angekuwa nani. Na siku ya kwanza ya sheria hii uongee wewe msimamizi, ujizidishie muda makusudi, upigiwe makofi sentensi ikiwa haijafika mwisho, ucheke, ukakae. Wazee wakiona imeanza kwako watajua ni desturi ya ukumbi, hawatadhani imetungwa kwa ajili yao.

Mie mwenyewe nilishakaa kwenye jioni kama hiyo hapahapa mjini, na aliyenikamata alikuwa fundi baiskeli. Mnajua Tanga na baiskeli ni pete na kidole, kwa hiyo nikajisemea huyu atatuambia nini tusichokijua. Akaigeuza baiskeli miguu juu mezani, hakusalimia sana, akaanza kuzigonga spoki kwa ukucha mojamoja huku anazungusha ringi taratibu. Ting, ting, ting, dup. Akasimama. "Mmesikia?" Watu kimya. Kumbe spoki iliyokaza inaimba na iliyolegea inaguna, fundi anasikiliza kabla hajashika spana. Akaonyesha ringi ikilalia kulia unakaza spoki za kushoto robo mzunguko tu na kulegeza za kulia kidogo, na yule anayekaza kwa hasira upande mmoja ndo anayekurudishia baiskeli inayocheza kama mlevi. Yote hayo dakika 6 haifiki. Nilivyorudi nyumbani usiku ule nikaenda uani kuigonga ya mume wangu. Dup tupu.

Huyo fundi hakusema baiskeli imegunduliwa na nani wala mwaka gani, na hakuna aliyeuliza.

SWALI: Shangazi, mie ni kijana wa Raskazone, nataka kuongea kuhusu silikanti, yule samaki wa kale, lakini nina picha nzuri sana za kwenye laptopu na mara ya mwisho umeme ulikatika tukabaki tunatazamana. Nifanyeje, nikodi jenereta?

JIBU: Jenereta itapiga kelele kuliko wewe, achana nayo. Huyo samaki mpaka 1938 alipopatikana Afrika Kusini wataalamu walikuwa wanaamini alishatoweka tangu zama za dainosaria, na sisi huku wavuvi wakawa wanamtoa kwenye nyavu mpaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, sasa hadithi kama hiyo inahitaji projekta kweli? Tafuta boksi la friji, mchore kwa ukubwa wake, futi 5 hivi, mkate kwa kisu, yale mapezi yake yanayofanana na vijimkono uyakate vizuri, kisha mpitishe kiti kwa kiti watu wamshike. Taa ya simu inatosha. Picha za laptopu waonyeshe baadaye watakaokufuata.

SWALI: Shikamoo. Sisi tunafanya zetu Makorora lakini wanawake hawajitokezi kuzungumza. Nimewapitia majirani nyumba kwa nyumba, kila mmoja "mie sina la kusema", na hao hao ukikaa nao ukumbini kwenye harusi hawanyamazi. Tumekata tamaa.

JIBU: Marahaba. Umewauliza swali baya. Ukimwuliza mtu "utazungumzia nini" umemtisha, anaona ataitwa mwalimu. Mwuulize "kitu gani watu wakikifanya vibaya roho inakuuma?" Nenda kwa yule bibi anayesuka mikeka, mwuulize hivyo, atakushika mkono akuonyeshe ukili uliosukwa kwa haraka unavyofumuka. Umeshampata mzungumzaji. Na usimsimamishe mbele peke yake kama mshitakiwa, mwache akae chini na ukili wake mikononi anasuka huku anaongea, na wewe au binti yake mnamwuliza. Mikono ikiwa na kazi ulimi unasahau woga, hilo nimeliona mara nyingi.

Jingine hamjaniambia mnafanya lini, ila nahisi ni Jumamosi. Jumamosi ya Tanga ni ya harusi jamani, mnagombea wateja na pilau, mtashinda? Wekeni katikati ya wiki, kila mwezi siku ileile isibadilike hata wakija watu 6, maana ikihamahama watu wanaacha kuihesabu. Muanze mara baada ya swala ya Isha, saa 2 usiku. Wazungumzaji 4, kila mmoja dakika 7 na maswali dakika 5, hiyo ni dakika 48, tia kahawa katikati robo saa, saa 3 na kitu watu wako njiani kurudi na mama mwenye watoto hajagombwa, na wapenzi wa mpira wa Ulaya nao wanawahi mechi yao ya usiku. Ramadhani pumzikeni, msishindane na tarawehe.

SWALI: Tuweke kiingilio? (Ujumbe wa simu, hakusema anatoka wapi.)

JIBU: Hapana. Mtu akilipa anadai, na wazungumzaji wenu hawauzi kitu. Mwiteni muuza kahawa aje na dele lake mlangoni, kila mtu ajilipie kikombe chake, yeye atapata biashara na nyie mtapata kengele ya mapumziko, maana akianza kugonganisha vile vikombe vyake hata mbishi anainuka. Vikombe vya wazungumzaji lipeni nyie.