Je, Maji ya Bwawa la Kuogelea Yamwagwe Yote?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia nyumba ya wageni huko Diani, kusini mwa Mombasa. Tuna bwawa la zege lililojengewa vigae, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5. Tangu tulipolijaza, yapata miezi mitatu na nusu sasa, mtunza bwawa hutia kidonge kimoja cha klorini cha gramu 200 kila siku. Kipimo huonyesha klorini ya miligramu 3 kwa lita, ilhali kuta zinateleza na maji huanza kugeuka kijani mara kwa mara. Duka la dawa za mabwawa limetupimia: pH (kipimo cha uasidi) 7.8, na kwa miligramu kwa lita, alkali (inayoizuia pH isiyumbe) 110, ugumu wa maji (chokaa iliyomo) 520, na asidi ya sayanuriki “zaidi ya 100”. Maji ya kisima chetu yana ugumu wa 380 na hayana asidi hiyo. Fundi anasema tumwage maji yote na kuanza upya kwa maji ya boza, ambayo ni ghali, na masika yamekaribia. Tufuate ushauri wake?
*Msomaji, Diani*

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amekosea kuhusu kiasi, ila hajakosea kuhusu tiba yenyewe. Sehemu kubwa ya maji hayo haina budi kutoka, kwa sababu kinachokusumbua ni kitu kisichoondoka kwa jua, kwa kuchuja wala kwa kuongeza klorini.

Vidonge unavyotumia hubeba klorini iliyofungamanishwa na asidi ya sayanuriki, ambayo kazi yake ni kuikinga klorini isiteketezwe na jua. Kwa kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita, asidi hiyo ni msaada mkubwa katika bwawa lililo wazi kwenye jua la pwani. Tatizo ni kwamba klorini hutumika ikaisha, nayo asidi hubaki na kujilimbikiza. Bwawa lako lina lita 75,000. Kila kidonge cha gramu 200 huliongezea takriban miligramu 1.5 za sayanuriki kwa lita, kwa hiyo vidonge mia moja vimekufikisha karibu na 150. Duka lilikuambia “zaidi ya 100” kwa kuwa kipimo cha kawaida huishia hapo. Waombe wachanganye sampuli yako nusu kwa nusu na maji safi, wapime tena, kisha wazidishe jibu kwa mbili.

Hapo ndipo utaona kwa nini klorini ya miligramu 3 haikutoshi. Watunzaji wengi hufuata kanuni kwamba klorini isipungue asilimia 7.5 hivi ya sayanuriki. Kwa sayanuriki ya 150 ungehitaji klorini ya miligramu 11 kwa lita ili kuuzuia mwani, wakati kwa 50 ungetosheka na chini kidogo ya 4. Hata kile kipimo cha alkali kinadanganya, kwani takriban theluthi moja ya kiasi cha sayanuriki huhesabiwa humo. Alkali yako halisi iko karibu na 60, wala si 110. Usiishushe zaidi kabla ya kubadilisha maji.

Sasa kuhusu kuyamwaga yote. Kushuka kutoka 150 hadi 50 kunahitaji theluthi mbili tu za maji zibadilishwe, yaani lita 50,000, na hakuna sababu ya kutupa theluthi iliyobaki. Isitoshe, bwawa tupu lina hatari zake. Maji ya ardhini hulisukuma kutoka chini, na uzito wa maji yaliyomo ndio unaolikalisha mahali pake; likiachwa tupu wakati maji ya ardhini yamepanda kwa mvua, sakafu inaweza kupasuka au bwawa zima likanyanyuka. Vigae vilivyozoea kulowa navyo huweza kubanduka vikikaushwa na jua kali. Mimi ningepunguza theluthi moja kwa wakati mmoja, ambayo kwako ni sentimita 50 za kina, kisha nikajaza, nikazungusha maji kwa pampu usiku kucha, ndipo nikarudia. Baada ya awamu tatu sayanuriki itakuwa imefika karibu 44. Njia hii itakugharimu lita 75,000 badala ya 50,000, kwa kuwa kila awamu inayofuata hutoa pia sehemu ya maji mapya, na hiyo lita 25,000 ya ziada ndiyo bei ya usalama. Ukiwa na hakika kwamba maji ya ardhini bado yako chini sana, awamu mbili kubwa zaidi zinaweza kutosha.

Maji ya kujazia ndilo jambo ambalo fundi wako hakuliangalia. Kwa sayanuriki, kisima chako kinafaa sawa na boza, kwa sababu hakina asidi hiyo kabisa. Kwa ugumu, hapana: visima vya Diani huchota maji yaliyopita kwenye mwamba wa matumbawe, na hata ukibadilisha bwawa mara kumi kwa maji ya ugumu wa 380, hutashuka chini ya 380. Hata hivyo nisingekimbilia boza kwa ajili hiyo. Ukishabadilisha theluthi mbili kwa maji ya kisima, ugumu utakuwa karibu 430, na hali hiyo inavumilika iwapo pH itashikiliwa kati ya 7.2 na 7.4 ili chokaa isigande kwenye vigae na mabomba. Lakini onja maji ya kisima kwanza. Yakiwa na chumvi ya bahari, hesabu yake ni nyingine.

Tena masika unayoyaogopa yanaweza kukufaa. Mvua ya milimita 100 huliingizia bwawa lako lita 5,000, na paa la mita za mraba 200 likielekezwa humo huleta karibu lita 20,000 zisizo na ugumu wala sayanuriki, mradi maji ya kwanza yanayosafisha paa yaachwe yapite. Fanya awamu ya kwanza sasa kwa maji ya kisima, halafu zile zinazofuata uzifanye kidogo kidogo kadiri mvua inavyonyesha.

Wakati wa kupunguza, tumia pampu ya kuzamisha, kwa sababu pampu ya chujio ikianza kuvuta hewa huungua. Acha kutia vidonge siku kadhaa kabla, na usitoe maji mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri. Kwa sayanuriki nyingi namna hiyo, jua litachelewa kuimaliza klorini. Yamwage kwenye eneo pana la ardhi yako. Yasielekezwe ufukweni, wala kwenye shimo la maji machafu, ambako yatafurika na kuua vijidudu vinavyooza taka.

Baada ya hapo, badili klorini. Ile ya unga ya kalsiamu itakuongezea ugumu ambao tayari unao, kwa hiyo klorini ya kimiminika ndiyo inayokufaa, inunuliwe kidogo kidogo na kuwekwa kivulini kwa sababu joto huiharibu upesi. Na mtunza bwawa aonywe vikali: vidonge na klorini ya unga visikutane kamwe katika chombo kimoja, hata kama ni mabaki tu, kwani mchanganyiko huo huweza kuwaka moto au kulipuka.

SWALI: Kila maji ya bwawa letu yanapokuwa kijani tunayamwaga na kujaza mengine. Je, ni sahihi?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Mara nyingi ni hasara tupu. Ukijani, pH iliyopanda na alkali iliyopungua vyote hurekebishwa humo humo kwa klorini ya kutosha, asidi au magadi ya kuokea, pamoja na kusugua kuta na kuendesha chujio mfululizo. Kabla ya kumwaga tena, pimisha sayanuriki na ugumu. Ikiwa vyote viko katika kiasi, maji yenu hayana kosa. Kinachokosekana ni klorini ya kila siku.