Ramani ya kuongeza vyumba: unapodaiwa zaidi ya mlichokubaliana

Tangu Serikali ihamie Dodoma, wenye nyumba wengi wanaongeza vyumba vya wapangaji na fremu za biashara. Maswali ya wiki hii yote yanahusu ada ya ramani za nyongeza hizo.

Kaka, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Nkuhungu. Nilikubaliana na msanifu kwa mdomo Sh 900,000, ramani ya kuongeza vyumba viwili na sebule. Baadaye nikaomba choo cha ndani na fremu ya duka mbele. Nimelipa 400,000, sasa anasema jumla ni Sh 1,800,000. Nifanyeje?

Shikamoo mama. Deni unalo, ila si la ukubwa huo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano ya mdomo, kwa hiyo ile 900,000 inawafunga wote wawili. Choo na fremu ni kazi mpya uliyoiomba mwenyewe, lazima ilipwe. Kinachobishaniwa ni thamani yake tu.

Anzia kwenye bei mliyokwisha kukubaliana. Tuseme vyumba na sebule ni mita za mraba 60; hiyo ni Sh 15,000 kwa mita. Choo na fremu vikiwa mita 18, inakuja Sh 270,000. Juu yake kuna kurudia karatasi zilizokuwa zimeshachorwa, maana fremu ikiingia mbele, msingi, paa na sura ya nyumba vyote vinabadilika. Hapo namtetea msanifu, kwani kazi hiyo wateja hawaioni. Lakini haiwezi kuifanya bei iwe mara mbili.

Mwombe mchanganuo wa maandishi: karatasi zipi ni mpya, zipi zimerudiwa, kila moja kiasi gani. Tafuta pia meseji za siku ulipoomba nyongeza. Kama alijibu "hakuna shida mama" bila kutaja bei, hoja yako ina uzito. Na kama michoro ya mwanzo ameikamilisha, mlipe ile 500,000 isiyo na ubishi sasa hivi, akupe risiti. Ukizuia hela yote, kesho yeye ndiye ataonekana ameonewa.

Nipo Kisasa. Nilimwambia msanifu nina milioni 25 tu za ujenzi. Ramani imekamilika, makandarasi wananitajia milioni 48. Ada yake ni asilimia 5 na anataka ya hiyo 48.

Asilimia 5 ya milioni 25 ni Sh 1,250,000. Ya milioni 48 ni Sh 2,400,000. Siafiki hata kidogo kwamba anayevuka bajeti ya mteja azidi kulipwa kwa kuivuka. Kama bajeti yako ipo kwenye meseji au karatasi, una haki ya kumtaka apunguze michoro bila malipo ya ziada, na ada ihesabiwe kwa milioni 25.

Jiulize nawe, kwa haki: gorofa, vigae vya gharama na madirisha makubwa aliyaweka nani? Kama kila alipokuonya ulisema "weka tu", sehemu ya tofauti hiyo ni yako. Safari nyingine andikeni mapema asilimia ni ya kiasi gani. Mimi ningechagua bei moja isiyobadilika.

Jiji wameirudisha ramani yangu ya Ipagala kwa kukosa mhuri wa msanifu aliyesajiliwa. Aliyechora sasa anataka nyongeza "ya kutafuta mhuri".

Usitoe hata shilingi. Sheria Na. 4 ya 2010 inataka anayefanya kazi ya ubunifu majengo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ulizia Bodi kama jina lake lipo. Kama halipo, mdai kwa maandishi akurudishie fedha, kwa sababu uliagiza ramani ya kuombea kibali na hukuipata.

Mhuri wa kuazima unanitia hofu kuliko hela yenyewe. Ukuta mpya unaungwa na wa zamani, pengine juu ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mwenye mhuri asiyefika kwenye kiwanja hajui msingi wako una kina gani.

Dada wa Kongwa anauliza: msanifu amekataa kunipa michoro hadi nimalize deni ninalolipinga. Naweza kumpa mwingine nakala niliyonayo aiendeleze?

Dada, hakimiliki ya michoro inaweza kuwa bado ni ya aliyeichora, kutegemea mlivyokubaliana. Ukishalipa, unaitumia kujengea nyumba hiyo, kwenye kiwanja hicho. Kabla ya hapo, kumpa mwingine kunaweza kukuongezea kesi ya pili. Lipa sehemu unayoikubali, dai michoro inayolingana na malipo hayo, na hoja zako ziandike kwenye barua yenye tarehe.

Akigoma, mwenendo wake kitaaluma upeleke kwa Bodi. Madai ya fedha ni ya mahakama, na madogo yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kufungua madai ya mkataba. Naye anayo miaka hiyo hiyo, kwa hiyo akinyamaza miezi kadhaa usidhani amesamehe. Tunza kila risiti.