Kila Ijumaa napanda basi kurudi Newala

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 20, nasoma ualimu mwaka wa kwanza hapa Mtwara mjini. Katika ukoo wetu ndiye mimi wa kwanza kufika chuo kikuu. Chumbani tuko watatu, wenzangu wametoka Dar na Kiingereza kinawatoka kama maji. Kila Ijumaa mchana naenda stendi, nalala kwa mama Newala, narudi Jumapili jioni. Testi ya kwanza nimepata 7 kati ya 20. Mama hunifungia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya kwetu, nami huila usiku wenzangu wakishalala, naogopa kuchekwa. Ada imelipwa kwa hela ya korosho na mama hajui lolote kuhusu testi. Nataka kuahirisha mwaka. Mpweke, Mtwara.

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hiyo ming'oko ya gizani. Nimekuona umejifunika khanga, unamenya ganda polepole lisisikike, unachovya kwenye chumvi na pilipili huku unazuia kikohozi. Imeniuma. Mwaka wangu wa kwanza nami nilikuwa nalia bafuni, nafungulia bomba ili nisisikike.

Usiahirishe mwaka kwa testi moja. Vyuo vyetu vingi hugawa alama hivi: 40 za testi na kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho. Hiyo 7 yako ni kipande tu cha zile 40. Nenda kwa mwalimu wa somo, mwombe muipitie karatasi yako pamoja. Fest yea wengi wanaangushwa na kumwaga walichokariri wakati swali limesema linganisha au jadili, na hilo linarekebishika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni basi. Newala hadi Mtwara ni kilomita 140 hivi kwa njia ya Tandahimba. Jumatatu unaingia darasani umechoka, na Jumamosi wenzako wakiwa kwenye diskasheni wewe unamchotea mama maji. Makundi ya kusoma huundwa wiki za mwanzo. Wewe hukutengwa, hukuwepo tu. Na kama una mkopo wa elimu ya juu, posho ya 10,000 kwa siku, iliyopandishwa kutoka 8,500 mwaka wa masomo 2022/23, imehesabiwa chakula na malazi. Nauli ya kila wiki inatoka tumboni mwako, mwanangu.

Baki mjini Jumamosi nne mfululizo. Mtafute CR, yaani kiongozi wa darasa lenu, mwambie huna kundi, akuingize kwenye mojawapo. Mkikaa, ombeni mada ichambuliwe kwanza kwa Kiswahili mpaka iwaingie wote, halafu kila mtu aandike kwa Kiingereza sentensi zake mwenyewe, hata zikiwa fupi. Sekondari zetu nyingi vitabu ni vya Kiingereza na mwalimu anafafanua kwa Kiswahili, na hao wenzako wa Dar huenda wamepita hukohuko. Ukiona kilio hakikatiki, au usingizi na hamu ya kula vimekukimbia, fika ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Hapo hakuna aibu.

Mama naye aambiwe. Mpigie Alhamisi ukiwa umekaa umetulia, usingoje Ijumaa uko stendi na begi mkononi. Mtajie hiyo 7, kisha mweleze kwa nini hutakuja wiki hii. Unaogopa atavunjika moyo, lakini huyu ni mama wa mikorosho. Ameshaona maua yakishikwa na ugonjwa wa ubwiri unga akarudi shambani na dawa ya salfa, akangoja mnada, akangoja na malipo. Kinachoweza kumuumiza ni kusikia umeacha chuo bila yeye kujua ulikuwa na shida gani.

Kabla hujakata simu, mwombe akutumie ming'oko kwa basi, mzigo mkubwa kidogo kuliko siku zote. Ukiupokea, ufungue mchana chumbani, wenzako wakiwepo, na chumvi na pilipili pembeni. Waonyeshe ganda linavyomenywa. Huenda mmoja akacheka. Mpe kipande, endelea kumenya.

Niandikie tena baada ya testi ya pili, na uniambie nani alimaliza pilipili.