Ubao wa Juu

Langoni, Lamu

Mwanangu Mwanaasha,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nao barazani ili mamako asinione ninavyotikisa kichwa. Umeniuliza: "Baba, niache kazi ya ofisini nikae nichore tu, au nisubiri kwanza?" Unasema matanga makuukuu ya majahazi unayoyachora yameanza kupata wanunuzi, umeuza matano, na kuna watu wawili wanataka mengine. Swali lako ni fupi. Jibu langu si fupi, na huenda likawa la swali jingine. Nivumilie.

Naanza na Muhamadi Kijumwa, mchongaji na mshairi wa hapa Lamu, maana kila nikiulizwa habari ya kazi ya mkono huyo ndiye anayenijia. Unakumbuka nilivyokuwa nikikushika mkono Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu, nikikuonyesha milango? Huu wa Kibajuni, mistari na nyota. Huu wa Kijumwa, majani yanajikunja yakazama ndani ya ubao. Mtindo tunauita kwa jina lake mpaka leo, naye amefariki zamani. Lakini Kijumwa hakukaa na patasi peke yake. Alikuwa na mkono mzuri wa khati, akiwanakilia wasomi wa Ulaya tenzi zetu, na maandishi ya mkono wake yamehifadhiwa London hadi leo. Mwaka 1913 akautunga utenzi wa Liongo. Ngoma za hapa nazo alizijua. Ndiyo maana nyumbani nimesema mpaka nduguzo wakanichoka: mchongaji haishi kwa patasi moja.

Sasa utasema, mbona wewe baba uliishi kwa patasi moja? Ni kweli. Na pale ndipo nilipoumia.

Mwaka wa mvua za El Niño, 1997, nilipewa mlango wa nyumba iliyokuwa ikitengenezwa Shela. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mvule ulikuwa mzito kwa unyevu, banda la makuti linavuja, na mamako ameliingiza jiko la mkaa ndani. Nilikaa na mlango ule miezi minne. Fremu na mfaa, ule mti wa katikati, nilivichonga kwa karatasi za michoro za fundi wangu aliyenifunza kazi, zile zilizokunjwa mpaka zikachanika mikunjoni. Lakini ubao wa juu, ule anaouona mtu kabla hajabisha hodi, sikutaka kuuchonga kwa karatasi ya mtu.

Bibi yako alikuwa ameketi karibu na mlango akishona kofia ya vito, yaani ya vitundu vya uzi. Nikamtazama mkono. Sindano inaingia, inazunguka kitundu, uzi unavutwa mpaka kitundu kinakaza na kuwa duara dogo jeupe, kisha kinafuata kingine. Maduara manane yakizunguka moja, limekuwa ua. Nikachukua bikari nikalichora ua lile kwenye mbao, na vitundu vyenyewe nikavipiga kwa msumari niliousaga ncha, kimoja kimoja, vikiwa na kina sawa. Ukizidisha pigo moja, mbao inapasuka kwenye ukingo wa ua na hapana dawa. Fundi wangu alipokuja kuutazama alisema, "Hii ni kazi ya kike." Nikanyamaza. Nilijua ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Pesa nililipwa zote, bila mzozo. Hilo liweke moyoni, kwa sababu nitalirudia.

Mwaka uliofuata nilikwenda Shela mazikoni. Baadaye tukapita mahali pa kunywa chai, nikakaa kwenye benchi, nikapitisha vidole chini ya ukingo kama ninavyofanya kila ninapokalia mbao. Nikavigusa vile vitundu. Niliinuka nikainama. Mlango ulikuwa umezidi tundu la ukuta, na badala ya kuvunja mawe kidogo walitoa ubao wa juu, wakaukata ncha mbili, wakaupigilia miguu. Misumari minne ilipita katikati ya maua ya bibi yako. Chai niliiacha nusu kikombe. Nilirudi mjini kwa miguu kando ya bahari, maji yakijaa, na sikumwambia mtu. Mamako ndiyo kwanza atajua akiisikia barua hii, maana najua utamsomea kwa simu.

Baada ya hapo nilichonga kwa karatasi za fundi tu. Watu walizisifu kazi zangu, nami nilijua hazina kitu changu ndani. Ilipofika 2001, mji wetu ukatiwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kila mtu akizungumza habari ya milango ya Lamu, nami nasikiliza huku nikilifikiria benchi.

Mwaka huohuo nilikuchukua Shela. Umeniandikia kwamba ulianza kuchora shuleni. Si kweli, mwanangu. Ulianza pale, umelala chali kwenye mchanga chini ya benchi lile, na ukurasa uliochanwa kwenye daftari, na kipande cha mkaa ulichookota jikoni kwao. Mimi nilikuwa nakugombeza kwa ajili ya nguo. Wewe ukaibandika karatasi kwenye mbao ukaisugua kwa mkaa, na ua likatoka, jeusi, na vitundu vyake vyote vyeupe. Ukapiga kelele, "Baba, limetoka!" Kama vile lilikuwa limefungiwa.

Tulipofika nyumbani bibi yako aliichukua karatasi akaisogeza dirishani. Akaitazama kitambo, kisha akasema, "Hiki ni kito changu." Hakuuliza kimefikaje pale. Wiki ileile nikachukua mbao mpya nikachora bila karatasi ya mtu.

Kwa hiyo unaniuliza uache kazi au usiache, nami najiuliza utafanya nini siku utakapokuta tanga lako limefunika jenereta ya mtu. Mshahara hautakukinga. Mimi nililipwa zote na niliumia. Basi labda acha. Lakini ngoja: miaka ile moyo wangu ulipokufa, kilichowalisha ni mahamri ya mamako, si patasi yangu. Mchongaji haishi kwa patasi moja. Basi labda usiache. Lakini Kijumwa kila alichokishika kilikuwa kazi ya mkono uleule, kalamu ilikuwa ikiinoa patasi. Hiyo ofisi yako inakunoa, au inakutia kutu? Wewe ndiye unayejua unarudi nyumbani na mkono wa namna gani jioni.

Mamako anataka niandike "usiache". Nami nina langu, liko hapa kwenye ncha ya kalamu, na sitaliandika. Ungekuwa hapa barazani ungeliona usoni mwangu na ningeshindwa kulificha.

Tanga uliloniagiza nimelipata Matondoni. Ni la jahazi iliyostaafu, lina viraka vitatu, na pembe moja bado inanuka sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka chombo. Mwenyewe alitaka kulipasua vipande viwili lienee kwenye gunia. Nimekataa. Nimelikunja mimi mwenyewe, nimelifunga kwa kamba ya minazi, litakuja kwa basi la Alhamisi likiwa zima.

Ni mimi babako.