Filamu ya vijana walioshindikana: ratiba kwanza, kamera baadaye

Karibu kila anayetaka kupiga filamu huru ya vijana huanza kwa kuuliza anunue kamera gani. Kamera yoyote ya kisasa inatosha. Filamu za vijana wa miaka 14 hadi 17, hasa wale ambao mtaa umeshawaita walioshindikana, huharibikia kwenye ratiba. Kijana ambaye hajawahi kuigiza analetwa siku ya pili alie kwenye msiba wa rafiki yake, na huyo rafiki wamekutana jana yake kwenye chai. Atalia, ndiyo, lakini atalia kama anayesoma taarifa ya habari.

Dawa yake ni kupiga kwa mfuatano wa hadithi, sini (yaani onyesho moja la filamu) ya kwanza siku ya kwanza, ya mwisho siku ya mwisho. Mwongozaji Mwingereza Andrea Arnold alifanya hivyo kwenye Fish Tank (2009). Katie Jarvis, aliyeibeba filamu nzima, hakuwa mwigizaji. Alionekana kituo cha treni akigombana na mpenzi wake, na skripti alikuwa anapewa kidogo kidogo. Hakuwa na namna ya kuigiza mwisho ambao hakuujua.

Watayarishaji hawaupendi utaratibu huu kwa sababu unawarudisha lokesheni ileile mara nne, kila mara na nauli yake. Kwa hiyo bajeti iokolewe tangu kwenye kuandika. Chagua bweni moja, uwanja mmoja, nyumba moja na duka moja, vyote ndani ya mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Hapo kurudi hakugharimu kitu, na watazamaji wanapata mtaa wanaoujua kona kwa kona.

Hesabu yenyewe: ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu. Kurasa 80 kwa siku 20 ni kurasa nne kwa siku. Usizigawe sawasawa. Siku ya ugomvi au kilio weka kurasa mbili, siku ya kutembea na kucheza mpira weka sita. Siku mbili za kwanza ziwe nyepesi kabisa, maana vijana watakuwa bado wanaitazama kamera. Siku 20 kwa wiki za siku tano zinaingia kwenye likizo ya Juni Tanzania, au ile ndefu ya mwisho wa mwaka Kenya, ingawa Novemba mvua juu ya bati itakumalizia sauti. Usikubali kupiga nusu sasa na nusu baada ya miezi mitano. Mvulana wa miaka 14 atarudi na sauti nyingine, ameota ndevu, na shule imemnyoa.

Halafu kuna usiku. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwetu jua huzama karibu saa 12 na nusu na giza hutimia ndani ya dakika ishirini hivi. Umebaki na saa moja. Inatosha sini moja fupi ya nje kwa pembe mbili za kamera, ikiwa taa zimefungwa na mazoezi yamefanyika kabla ya magharibi. Sini za usiku za ndani zipige saa 9 alasiri, madirisha yamezibwa kwa kitambaa cheusi kizito. Njia nyingine ni kutafuta waigizaji wa miaka 18 wanaoonekana 15. Wapo, ila angalia wasiwe na sauti nzito na mabega ya mtu mzima.

Kwenye usaili, usiwape mistari ya kukariri. Mpe kila mmoja jambo la kutaka: mmoja amshawishi mwenzake amwazime simu, na huyo mwenzake mwambie kwa siri asikubali. Rekodi dakika kumi na umtazame yule asiyesema. Anayejua kusikiliza ndiye mwigizaji wako. Anayechekesha chumba kizima huwa anachoka mapema. Wazazi wasaini ridhaa baada ya kusomewa sini ngumu, siyo kusimuliwa hadithi kwa jumla, na kijana mwenyewe asaini pia.

Mazungumzo yaandike, kisha waache wayavunje. Waeleze sini inahusu nini, wafanye mara tatu kwa maneno yao, andika upya kwa walichosema. Kijana wa Manzese, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, ukimlazimisha Kiswahili sanifu, shingo inakakamaa na macho yanahama. Mfano wa kuigwa ni wa 1959, The 400 Blows ya mwongozaji Mfaransa François Truffaut. Mvulana anahojiwa na mwanasaikolojia ambaye haonekani, inasikika sauti tu; Jean-Pierre Léaud anajibu kwa maneno yake mwenyewe, na majibu yanaunganishwa kwa picha moja kuyeyukia nyingine. Kiti kimoja, kamera moja. Ni sini ya bei ndogo, na watu bado wanaikumbuka.

Jihadhari tu, uhuru huo usiwe kisingizio cha kumchokonoa kijana akumbuke kipigo cha baba yake ili alie mbele ya lenzi. Huo ni ukatili. Mpe kazi ya mwili: ahesabu pumzi, afunge kamba za viatu vinavyokataa kufungwa. Sini ya mtu mzima kumpiga mtoto ipigwe vipande viwili, siku mbili tofauti ikibidi: mtu mzima anapiga godoro, mtoto anashtuka kwa mlango unaobamizwa. Mhariri na sauti watafanya mengine. Afisa ustawi wa jamii awepo siku hizo, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi.

Kwenye skripti, kosa kubwa ni yule mjomba au mwalimu anayeingia dakika ya 75 na mawaidha, kijana analia, anabadilika. Mfute. Maumivu yaonekane kwenye tabia: anaficha mkate chini ya godoro, analala na viatu, anahesabu chenji mara mbili mbele ya mtu anayempenda.

Ya kiufundi ni machache. Umeme wetu ni hetsi 50, kwa hiyo piga fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za tyubu za darasani zitapepesa. Shati jeupe la shule kando ya ngozi nyeusi linaungua kwenye picha, yaani linakuwa doa jeupe tupu, kabla uso haujaonekana; lichovye kwenye chai ya rangi, likauke, kamera italiona jeupe bila kuungua. Zima friji wakati wa kurekodi, na ufunguo wa gari uuweke ndani yake ili usiondoke bila kuiwasha tena. Kila chumba kirekodiwe kimya kwa sekunde 30, watu wote wakiwa ndani, ili mhariri apate ukimya wa kuzibia mapengo ya sauti. Kadi ya kumbukumbu isifutwe mpaka picha ziwe kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili.

Picha zikishaunganishwa, waonyeshe vijana na wazazi wao kwanza, wakati bado unaweza kukata kitu. Baada ya hapo peleka kwenye ukaguzi, Bodi ya Filamu kwa Tanzania au KFCB, bodi ya kuainisha filamu, kwa Kenya. Na usiipandishe YouTube kwa furaha ya wiki ya kwanza. Matamasha mengi hutaka filamu ambayo haijaonekana hadharani, na ukishabofya hapo, milango hiyo umejifungia.